Hepesi na mapenzi: neno hili lisemwe lini?

Rafiki yangu mmoja wa Busia, upande wa Uganda, muuza vitenge karibu na mpaka wa Kenya, aliandika ujumbe wa simu mara nne na kuufuta mara nne. Alitaka kumwambia mwanamume waliyejuana miezi miwili kuwa ana hepesi, malengelenge ya sehemu za siri. Mara ya tano akazima simu. Vidonda vilikwisha kukauka, ila usingizi ulikuwa haujarudi tangu siku ya majibu.

Wapo waliomshauri anyamaze, na hoja yao ina uzito. Uchunguzi wa kitaifa wa 2004–2005 uliwakuta na HSV-2, kirusi kinacholeta hepesi hii, asilimia 44 ya Waganda wa miaka 15 hadi 49: wanawake 49, wanaume 38. Wengi wenye nacho hawajijui. Kwa nini aibu aibebe yule aliyepima tu? Tena ujumbe ukipigwa picha, kesho soko zima linao, na atakayeitwa malaya ni mwanamke, hata kama aliletewa na mume.

Hata hivyo kunyamaza sikukubali. Kirusi hiki hukaa kwenye mishipa ya fahamu na huweza kuambukiza hata siku ambazo ngozi ni safi. Kondomu hupunguza hatari, haiimalizi, kwa kuwa haifuniki kila mahali. Na mwenye HSV-2 huwa rahisi zaidi kupata VVU, takriban mara tatu. Mtu hawezi kuamuliwa mambo hayo gizani.

Wengine wanasema atamke siku ya kwanza. Hapo pia naona anaonewa: siku ya kwanza huyo bado ni mgeni, na siri haipewi mgeni. Mimi nasema kabla ya kitanda, baada ya kuona kama anatunza neno, na iwe ana kwa ana.

Kinachoniuma ni kliniki. Alipewa asiklovia, dawa ya kutuliza vidonda, akaambiwa hepesi haina tiba, kisha mgonjwa anayefuata akaitwa. Hakuna aliyemweleza kwamba kwa kawaida vidonda hurudi kwa nadra kadiri miaka inavyopita, kwamba ipo dawa ya kumeza kila siku inayopunguza kuambukiza, au kwamba atazaa vizuri mradi amweleze mkunga mapema. Nchi hii ilijifunza kuzungumza na wenye VVU: TASO, shirika la kuwasaidia wenye VVU, ilianza 1987, na mwanamuziki Philly Lutaaya akajitangaza 1989 kuwa anacho. Mwenye hepesi anahitaji dakika kumi tu za mazungumzo ya namna hiyo, naye hazipati.

Mwezi uliofuata alimwambia, wamekaa kibarazani, chai ikipoa. Mwanamume alikaa kimya, kisha akauliza kama inazuia kuzaa. Haizuii, akajibiwa. Akaomba siku chache afikiri. Usiku ule rafiki yangu alilala mpaka adhana ya alfajiri, na jibu lilikuwa bado halijaja.