Mkutubi, simu janja na bando la nani?

Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Charlotte, Marekani, iliwapa watumishi wake mambo 23 ya kujifunza mtandaoni: kufungua blogu, kupakia picha, kuhifadhi viungo na mengineyo. Aliyeubuni mpango huo, Helene Blowers, hakumkalisha mtu darasani. Kila mmoja alijifunza kwa kasi yake, na aliyemaliza alizawadiwa kicheza muziki cha MP3. Maktaba nyingi duniani ziliuiga.

Swali lililo nyuma ya mpango huo linatuhusu hata sisi wa Mwanza. Mkutubi wetu naye afundishwe Facebook, Instagram na WhatsApp, au aachwe na rafu zake?

Wanaosema aachwe hawabishi tu. Mtaala wa elimu umeanza kubadilika tangu Januari 2024, na mwanafunzi anayekuta rafuni kitabu cha kiada cha mtaala wa zamani hatatulizwa na ukurasa wenye picha za kupendeza. Wana hoja nyingine pia: zana zenyewe hazidumu. Katika yale mambo 23 zilikuwamo Bloglines, Technorati na del.icio.us, na leo ukimtajia kijana wa Nyegezi majina hayo atadhani ni dawa. Karibu zaidi na nyumbani, mtandao wa X ulifungiwa nchini Mei 2025. Aliyekuwa amejifunza vitufe vyake tu, ameishiwa.

Ila hoja hiyo ya pili inapinga mafunzo mabaya, haipingi mafunzo. Blowers alitaka watumishi wazoee kujaribu kitu kipya bila woga, na mazoea hayo hayafi pale programu moja inapofungwa.

Kuna na wale wanaosema wakutubi wa makamo hawataweza. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Mama anayeendesha kundi la kikoba kwenye WhatsApp, anayekusanya michango ya harusi kwa simu na kusuluhisha wanaogombana humo humo, afundishwe nini kuhusu kuposti? Anachokosa ni mwajiri wa kumwambia kwamba ujuzi huo ni sehemu ya kazi yake.

Na ni kazi kweli. Chukua mwanafunzi aliyeko Nansio, Ukerewe. Anatafuta kitabu cha historia, na kuja mjini maana yake ni nauli ya meli, daladala na siku nzima kupotea. Anatuma ujumbe wa sauti maktaba. Mkutubi anainuka, anakwenda rafuni, anapiga picha ya jalada na ukurasa wa yaliyomo, anajibu: “Kipo nakala moja, kinasomewa humu humu, hakiazimishwi.” Dakika tano. Mwanafunzi anaamua mwenyewe kama safari inalipa. Hiyo ni huduma ileile ya kuulizia ambayo wakutubi wameifanya mezani miaka yote, ila sasa imevuka maji. Kwangu mimi ina thamani kuliko picha ishirini za mgeni rasmi akikata utepe, na picha hizo ndizo zinazojaa kwenye kurasa za taasisi nyingi.

Ugumu unaanza kwenye ujumbe unaofuata: “Basi naomba unitumie PDF.” Mkutubi mwenye huruma anaweza kukitoa kitabu kizima skani na kukitupia kwenye kundi la WhatsApp la maktaba, akajikuta amegusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Au anaulizwa nani amekiazima, na kwa wema tu anataja jina na namba ya mtu, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mezani alikuwa akijibu mtu mmoja, na kosa lake lilikuwa na kikomo. Kundini linasambazwa kabla hajalifuta. Kwa hiyo siku ya mafunzo itumike zaidi hapa: nini kinatumwa, nini hakitumwi, na umwelekeze wapi anayekosa. Kwa vitabu vya kiada, kwa mfano, ipo Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kumtumia mtu kiungo chake hakuvunji sheria yoyote.

Hoja ya wapinzani ninayoiogopa ni ya muda na gharama. Mtumishi anayepokea vitabu, anayepanga rafu na kunyamazisha kelele za wanafunzi wa kidato cha nne hawezi pia kujibu ujumbe saa nne usiku kwa bando lake. Wengi wataanza kwa moyo, na baada ya miezi michache watachoka, kundi litabaki na matangazo ya mikopo na video za mahubiri.

Ndiyo maana laini iwe ya ofisi, bando liwe kwenye bajeti, na saa za kujibu ziandikwe pale pale kwenye wasifu wa namba. Simu isiondoke na mtu jioni. Wala asiondoke nayo akihamishwa, maana watumishi wa umma huhamishwa. Aliyeko Mwanza leo mwakani anaweza kupangiwa Kigoma, na yule mwanafunzi wa Nansio bado atakuwa anatuma ujumbe kwa namba ile ile.