Mwanzo wa Kumi na Moja

Jamani mi naomba niliweke hili wazi mapema, mi sio mvivu wa kuanza. Kuanza najua sana. Kungekuwa na ligi ya kuanza dayati sa hivi ningekuwa nishachukua kombe mpaka nimestaafu nafundisha vijana. Mimi tatizo langu ni Alhamisi.

Jumatatu mi ni askari. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nakunywa maji ya uvuguvugu na limao, natangaza sebuleni kwamba kuanzia leo sukari marufuku kwenye nyumba hii, watoto wananiangalia tu wanaendelea kuchovya maandazi. Jumanne bado nimo, ila mapaja yanauma kiasi kwamba kwenye daladala nashuka kinyumenyume huku nimeshika mlango na konda ananiita mzee wangu, mimi nina miaka 43. Jumatano naanza kuwa na hasira na watu ambao hawajanikosea. Sasa ikifika Alhamisi jioni, kuna dogo anakaanga chipsi pale kona ya kuingilia kwetu Tabata, na huo upepo sijui nani kautuma, kila Alhamisi unavuma kutoka kwenye karai lake unakuja moja kwa moja puani kwangu.

Jikoni kwetu kuna ile kalenda ya bure ya duka la vifaa vya ujenzi, na mimi kila nikianza naandika kwenye tarehe MWANZO kwa peni nyekundu. Sikujua kama kuna mtu anafuatilia. Siku hiyo binti yangu, yuko darasa la nne, amesimama pale na kidole anahesabu, alafu ananigeukia bila hata kucheka, "Baba, leo ndo mwanzo wa kumi?" Mama yake akajifanya anatafuta mwiko. Mwiko alikuwa nao mkononi.

Hii safari yote ilianza na viti. Mnajua vikao vya kamati ya harusi, mi niko kwenye kamati tatu kwa sababu kila mtu ukoo huu kaamua kuoa mwaka huu huu, na vikao vyenyewe vinafanyika baa, maana bila nyama choma na ndizi hakuna anayetoa ahadi. Basi nimekaa zangu kwenye kiti cha plastiki, mwenyekiti anasoma bajeti ya mapambo, nikasikia kiti kinashuka taratibu. Hakikuvunjika, bora kingevunjika tukacheka yakaisha. Kilikuwa kinatanua miguu kidogokidogo kama mbuzi aliyekataa kuvutwa. Mhudumu akaliona lile jambo kutoka mbali, akaja kimyakimya na viti viwili vimepachikana, akaniinamia sikioni akasema, "Kaka samahani, kalia hivi." Viwili! Wenzangu wote kimoja kimoja, mimi naketi juu kama chifu, na mwenyekiti akasimamisha bajeti akasubiri nikae vizuri. Siku ile nyama sikuila. Sawa, nilikula kidogo.

Kesho yake nikaenda Kariakoo nikakutana na wale vijana wa mizani za barabarani, nikasema ngoja nipime nijue moja. Kosa langu sikumwambia dogo asome kimoyomoyo. "TISINI NA SITA!" kapiga kelele kama anauza nyanya, na mama mmoja aliyekuwa anapita na mtoto mgongoni akasimama kuniangalia kwanza juu, alafu chini. Urefu sentimita 170. Akanipa na kikaratasi kimeandikwa BMI 33.2. Mi nikajua ni alama, nikafurahi, nikamuuliza hiyo ni nzuri? Akaniambia braza hapa unachukua kilo zako unagawa kwa urefu wa mita, alafu unagawa tena kwa urefu ule ule, ikivuka 25 umezidi, ikivuka 30 huo tayari ni unene wa kuufanyia kazi. Nimepasuliwa na mtoto wa miaka 20 aliyevaa ndala, na nikamlipa.

Sasa mimi kazi yangu ni stoo, nakaa na viroba siku nzima, hesabu za kilo haziwezi kunipita. Nikapiga, ili nifike hiyo 25 natakiwa nibaki na kilo 72 na kidogo, yani nitue kama kilo 24. Nikageuka nikaangalia viroba vya unga vya kilo 25 vimepangwa pale ukutani. Nikabeba kimoja, nikatembea nacho kutoka mlangoni mpaka kwenye meza na kurudi, jasho linanitoka, goti linalia, nikakitua nikapumua. Nikakikalia. Kumbe huyu ndo nalala naye kila siku, napanda naye ngazi, naingia naye kwenye mwendokasi nauli moja. Yule kijana wa kupakia mizigo akachungulia akauliza, "Bosi, hicho kiroba kinaenda wapi?" Nikamwambia hakuna kinakokwenda, ndo shida yenyewe.

Basi nimejaribu bana, msione hivi. Nilinunua raba za mtumba Karume, nzuri kabisa, nikajiunga na jogging ya mtaani ya Jumamosi. Watu wale wanakimbia HUKU WANAIMBA. Mimi hewa ya kupumua tu naikopa, wao wanataka niitikie kibwagizo. Kuna mzee mstaafu mle, nasikia ana miaka 68, alinipita mara ya kwanza akanisalimia, tukageuza akanipita tena akanipa pole. Alafu tukimaliza tunaishia wapi? Kwenye supu. Supu na chapati, tena chapati zile za kung'aa, na mtu umetoka kukimbia unajiona umezitolea jasho kihalali, unaongeza ya tatu. Nilimaliza mwezi na wale watu nikaongezeka kilo na nusu na tisheti ya klabu ikaanza kunibana. Jimu nayo nililipia miezi mitatu nikaenda mara nne, tuache hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kutembea kwa kasi inahesabika. Mi dakika 150 zinaisha natafuta soksi.

Ila kilichokuwa kinanivunja moyo zaidi sio mazoezi, ni mizani yenyewe ilivyo na unafiki. Wiki ya kwanza unashuka kilo tatu! Unajiangalia kwenye kioo unaona kabisa shingo imerudi, unaanza kutoa ushauri kazini, "ni nidhamu tu jamani." Wiki ya pili unapima, gramu 300. Ya tatu, hakuna kitu. Unajiuliza nimemkosea nini Mungu, unakula wali siku mbili, zile tatu zinarudi zote na mashemeji zao. Nimeshaacha mara nne kwa sababu hiyo hiyo, mpaka siku nimempeleka mtoto kliniki nikamlalamikia nesi wa pale, akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia baba, zile za mwanzo nyingi ni maji. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli, na akiba ile inakaa pamoja na maji, ukipunguza kula ndo inatumika ya kwanza na maji yake yanatoka, mizani inashuka haraka. Mafuta yenyewe yanaondoka polepole. Ukirudia wali akiba inajaa na maji yanarudi. Kwahiyo gramu 300 ulizozidharau ndo ulikuwa umeanza kupungua kweli.

Dah. Yani mimi miezi yote hiyo nilikuwa nashangilia mkojo, alafu mafuta yakianza tu kutoka, mi naacha.

Na hata ukipungua kweli, uswahilini kwetu watakuacha upungue? Mwanzo wa saba ulikwenda vizuri sana, nilifika 90, mkanda nimetoboa tundu jipya kwa msumari. Jirani akanishika mkono getini, sauti imeshuka, "Baba Neema, umepima lakini? Siku hizi dawa zipo, usikae kimya." Mwingine akamuuliza mke wangu kama stoo wamepunguza wafanyakazi. Mama yangu mzazi kapiga simu kutoka Morogoro, hajanisalimia, anauliza huyo mke anakupikia au anakuangalia tu. Mke wangu akanikalisha kitako usiku akaniambia baba Neema mi nakuunga mkono, ila unanitia aibu, nenepa kidogo. Maana kwetu ukiwa na kitambi unaambiwa umependeza, pesa zimekujua, na ukikonda wewe ni mgonjwa, una madeni au umeoa vibaya, hakuna la nne.

Alafu tukaenda Tanga kwa wakwe, wiki ile ile. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kisamvu kimeungwa nazi na karanga, na mama mkwe kakaa pembeni yangu ananipepea. Nimejipakulia vijiko vitatu. Akaacha kupepea. "Mwanangu, chakula chetu hakikupendezi?" Mwanaume mwenye akili timamu, uliyepewa binti wa watu, unajibu nini hapo? Nilirudi Dar na kilo 93 na mfuko wa maembe.

Sasa juzi nimekaa nawaza, hivi kwanini kila nikianza upya naanzia uzito mkubwa kuliko mwanzo uliopita? Nikachukua ile kalenda, nikaangalia zile MWANZO zote nyekundu, zote Jumatatu. Nikajiuliza, haya, na siku ya kabla yake huwa nafanya nini? Jamani. Kila Jumapili kabla ya mwanzo huwa nafanya sendofu. Si unajua kesho unaacha kila kitu, kwahiyo leo unaaga. Unaaga pilau, unaaga soda mbili za baridi, na soda moja tu ya mili 330 inabeba kama gramu 35 za sukari, yani ni kama umekaa unabwia vijiko tisa vya chai. Unaaga maandazi ya asubuhi, jioni unaenda kuaga mishkaki kwa sababu itajisikia vibaya ikisikia umeaga wengine. Na sio Jumapili peke yake. Nikiteleza Alhamisi nasema aah wiki ishaharibika, nitaanza vizuri Jumatatu, basi Alhamisi mpaka Jumapili ni sherehe ya siku nne. Nimefanya sendofu kumi mwaka huu. Bibi harusi gani anaagwa mara kumi, watu wanachangishana, wanalia, na kesho yake bado yuko sebuleni kwa baba yake anaangalia tamthilia?

Kwahiyo kumbe dayati hainishindi mimi. Mimi nanenepeshwa na maandalizi ya dayati.

Basi mwanzo wa kumi na moja nimeuanza kihuni. Alhamisi, saa tisa na nusu mchana, katikati ya stoo, nikiwa nishakula chapati mbili asubuhi na maharage. Sijanunua limao wala kumtangazia mtu, kwenye magrupu nimekaa kimya. Kalenda sijaigusa, na peni nimeificha juu ya kabati maana yule binti ana macho. Mama Neema amehisi kitu, jana kaniona nimeacha nusu ya ugali akaniangalia kwa pembeni kama anayesubiri kuombwa hela. Natembea kutoka kituoni badala ya kupanda boda, dakika kama 20, boda wenyewe wananiuliza mzee tumekukosea wapi.

Nimeteleza? Nimeteleza Jumamosi, kikao cha kamati, na nimekalia viwili tena. Ila Jumapili asubuhi nikatembea hivyo hivyo, sikusubiri Jumatatu, japo naikiri ile Jumapili jioni miguu ilikuwa inaenda yenyewe kwenye mishkaki, ni mvua tu ilinisaidia.

Sasa leo ni Alhamisi. Natoka kituoni, saa moja usiku, upepo ule ule. Nikasema nitapita upande wa pili wa barabara, nimuangalie mtu usoni kwa mbali tu. Dogo kaniona toka mbali kashapasua mayai mawili kwenye bakuli, anayapiga, "Braza, zege lako hili hapa, chipsi mayai, leo nimekuwekea zile za kukauka!" Mayai yameshapasuliwa tayari, nitayafanyaje, si riziki ya mtu ile. Nikasogea. Nikamwambia dogo, kaanga mayai, chipsi acha.

Akasimama na bakuli mkononi. "Niache wapi?"

"Usiweke. Mayai na kachumbari tu."

Akaangalia lile kabati lake la kioo, akaniangalia mimi, akapunguza redio. Akaegemea karibu kabisa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Braza, kwani nyumbani kuna msiba?"

Nikamwambia hapana dogo, we ongeza kachumbari.