Kidole Kilichonilaza Mapajani mwa Mama Mkwe

Mimi kazi yangu ni kubeba saruji. Mfuko wa kilo 50 naupandisha ghorofani huku napiga mluzi. Ndiyo maana wababa wa avenyu yetu hapa Goma waliniweka golini siku tulipocheza na vijana wa kwaya, mshindi anywe kreti la fanta. Kiwanja chenyewe ni lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo Januari 2002, tukaisawazisha kwa nyundo mpaka tukachoka. Pale kipa haruki. Kipa anaomba.

Mshambuliaji wao alikuwa shemeji, mdogo wa mke wangu. Na mama yao, yaani mama mkwe, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya goli langu, amwone mwanawe vizuri akinifunga.

Shemeji akaachia shuti. Nikanyoosha mkono wa kushoto, mpira ukagonga ncha ya kidole cha pete, ukapita zake wavuni. Wallahi sikusikia maumivu hata kidogo. Mwili ukishtuka humwaga adrenalini, na kwa muda hata mfupa ukihama makazi hupewi taarifa. Nilikuwa namfokea beki wangu kabisa, nikimuuliza alikuwa wapi. Beki hakunijibu. Alikuwa ameukodolea macho mkono wangu.

Nikatazama na mimi. Kidole kilikuwa kimeteguka kwenye kiungo cha katikati, kipande cha mbele kimepanda mgongoni mwa kipande cha nyuma kama abiria wa moto, yaani pikipiki, aliyemkumbatia motari, dereva wake.

Nilitegemea nitapiga kelele. Nikapiga miayo. Mwayo mmoja mrefu, kisha mwingine, mbele ya watu wote.

"Muone huyu!" akasema shefu wa avenyu. "Wamemufunga goli, na usingizi iko namushika!"

Kumbe kuzimia huanza hivyo hivyo, bila adabu. Maumivu makali, au kuona tu kiungo chako kimepinda, huamsha neva inayopunguza mwendo wa moyo. Mishipa ya damu nayo inalegea, damu inateremka miguuni, ubongo unabaki na akiba ndogo. Jasho la baridi likanitoka. Tumbo likageuka. Kelele za kwaya zikaenda mbali, mbali kabisa, na giza likaanza kuingia pembeni mwa macho. Nikarudi nyuma nikitafuta pa kushika, nikakaa nilipopata. Nilipata mapaja ya mama mkwe.

Mimi hata mkono huwa nampa huku nimeinamisha macho.

Mtu akishalala, damu hairudi kichwani kwa kupanda mlima, basi huzinduka upesi. Nikazinduka nikisikia mama mkwe analia: "Asikufe! Angali na ngombe mbili!" Uchungu wa mahari ni uchungu wa kweli, simlaumu.

Tatizo likawa watu wenye huruma. "Mumusimamishe apate hewa!" Wakanisimamisha, damu ikateremka tena, nikazimia upya, mapajani pale pale. Hapo vijana wa kwaya wakaamua hili si la kidole. Wakaanza kukemea pepo, kwa sauti nne, soprano wakitangulia. Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza maandazi: aliwafukuza wote, akanilaza chini, akaniwekea miguu juu ya ndoo yake. Mungu amzidishie wateja.

Safari ya moto mpaka kituo cha afya sitaisimulia. Anayejua mawe ya barabara zetu anajua. Ila nilishangaa mkono mzima ulikaza mpaka kiwiko. Muuguzi akanieleza kwamba misuli inayokunja vidole iko zaidi kati ya kifundo cha mkono na kiwiko, vidole vinavutwa na kano tu. Kwa hiyo kiungo kikiumia, misuli hukaza kukilinda, mlinzi naye anazidisha maumivu. Na usijidharau, akasema, ubongo umetenga eneo kubwa kwa vidole kuliko kwa mgongo mzima. Nikajisikia nafuu. Mgongo wangu unabeba saruji bila kulalamika kwa sababu hauna mtetezi huko juu.

Wakati huo kidole kilikuwa kinafura, damu na majimaji yamejaa kwenye kiungo, na pete imezama, ncha imeanza kuwa ya buluu.

"Pete itoke kwanza," akasema muuguzi. Akajaribu sabuni. Akajaribu uzi. Mke wangu akaingia mbio, kitenge kimefungwa upande, akaona koleo. "Polepole, daktari, hiyo ni dhahabu!"

Ikakatwa. Tak. Ikafunguka.

Ndani ilikuwa nyekundu. Shaba tupu, iliyopakwa rangi juu.

"Baba watoto," akasema kwa upole ambao sikuupenda, "dhahabu gani hii iko nyekundu ndani?"

Sasa sikiliza. Muuguzi alikuwa ameniuliza maumivu yangu ni ngapi kwa kumi, nikasema tisa. Akauliza tena wakati ule. Sifuri! Mwili ukiona hatari kubwa zaidi, huweka ile ndogo pembeni. Sindano ya ganzi, upande huu na upande huu wa shina la kidole, sikuisikia. Akavuta, kikalia "tok", kikarudi nyumbani kwake, mimi bado naeleza habari za yule aliyeniuzia pete kule Birere, hapa hapa Goma.

Picha ikaonyesha mfupa haukuvunjika. Kidole kikafungwa bandeji pamoja na jirani yake cha kati, maana peke yake hakiaminiki tena. Kiungo hicho, nimeambiwa, kinaweza kubaki kinene miezi mingi, kwa hiyo pete mpya haina pa kuingia kwa sasa.

Mke wangu alipata suluhisho asubuhi yake. Alichukua kalamu nene ya mtoto, akaandika juu ya bandeji kwa herufi kubwa: IKO NA BIBI.

Nikatoka kutafuta moto. Motari akaisoma kwa sauti, akanidai nauli ya watu wawili.