Mvinyo wa dhifa ya kitaifa: wa nyumbani tu, au wowote ulio bora?

Tarehe 17 Septemba 2025, Mfalme Charles alimwandalia Donald Trump dhifa katika Kasri la Windsor, wageni 160. Kadi ya vinywaji ilianza na mvinyo wa povu wa Wiston wa Uingereza, ikafuata Corton-Charlemagne ya 2018, mvinyo mweupe kutoka Ufaransa, Ridge Monte Bello ya mwaka 2000, mwekundu kutoka California, na shampeni ya Pol Roger ya 1998. Mwishoni kulikuwa na porti (mvinyo mtamu na mkali wa Ureno) ya Warre's ya 1945, kwa kuwa Trump alikuwa rais wa 45, na brandi ya Hennessy ya 1912, mwaka aliozaliwa mama yake. Mgeni huyo hanywi pombe kabisa.

Kwa hiyo kadi ile iliandikwa isomwe. Anayechagua mvinyo wa dhifa anatuma ujumbe, na hapo ndipo mabingwa wa itifaki wanapogawanyika: utoke nchini kwa mwenyeji pekee, au popote penye ulio bora?

Marekani ilishakata shauri. Tangu enzi za Lyndon Johnson, miaka ya 1960, desturi ya Ikulu ya White House ni kuandaa mvinyo wa Marekani. Faida ilionekana Februari 1972, Rais Nixon alipokwenda Beijing na Schramsberg Blanc de Blancs ya 1969, mvinyo wa povu, kwa ajili ya kutakiana heri na Zhou Enlai, waziri mkuu wa China. Kiwanda kidogo cha Napa, California, kikajulikana duniani kwa usiku mmoja, na hakuna tangazo la biashara ambalo lingefanya hivyo. Kanuni hiyo pia haimzuii mchaguzi kuwa mwerevu. Rais Macron wa Ufaransa alipokaribishwa Aprili 2018, mvinyo mwekundu ulikuwa wa Domaine Drouhin, shamba la Oregon linalomilikiwa na familia ya Burgundy, Ufaransa. Mwenyeji hakuvunja kanuni, na mgeni alijiona nyumbani.

Udhaifu wa kanuni hiyo ni kwamba inahitaji nchi yenye mvinyo wa kutosha wa kila aina. Chukua wageni 160. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 120, kwa hiyo mzunguko mmoja unakula chupa 27. Mizunguko miwili ni 54, na ukiongeza moja ya kumi kwa dharura unafika 60. Zote ziwe za mwaka mmoja na shehena moja, la sivyo meza ya mbele na ya nyuma zitakunywa vitu viwili tofauti chini ya jina moja. Mzalishaji mdogo mara nyingi hana akiba hiyo. Dodoma, kwa mfano, ni makao makuu ya nchi na pia ni eneo la zabibu, jambo ambalo miji mikuu michache inaweza kujivunia. Lakini kabla ya jina la mvinyo wake kuchapwa kwenye kadi, chupa hizo 60 ziwe zimeshatengwa na kuonjwa.

Upande wa pili, wa majina makubwa ya zamani, una mitego ambayo watetezi wake huipitia juu juu. Mvinyo wa miaka thelathini haufanani chupa kwa chupa: kizibo kimoja kimevujisha hewa, kingine kimeota harufu ya kadibodi mbichi. Ndiyo maana kila chupa huonjwa peke yake kabla ya kumiminwa kwenye jagi. Moja mbovu huharibu jagi zima. Porti ya zamani husimamishwa wima siku moja au mbili ili mashapo yatue, kisha huchujwa polepole kwenye mwanga.

Na kuna bei. Mei 2013, Ikulu ya Ufaransa, Élysée, ilipiga mnada chupa 1,200, karibu moja ya kumi ya ghala lake, zikiwemo Petrus za 1990, mvinyo mwekundu wa Bordeaux, na kupata takriban euro 718,000. Sehemu ya fedha ilinunua mvinyo wa bei nafuu zaidi. Uingereza nayo, tangu 2011, ghala la serikali lililo chini ya jengo la Lancaster House, London, hujigharamia kwa kuuza baadhi ya chupa zake za thamani. Naona Waingereza ndio wamepata njia ya kati inayofaa: povu la nyumbani kufungua, kisha uhuru wa kuchagua, na walipakodi hawana la kulalamikia sana.

Kanuni ngumu kupita zote ni ile ya kulazimisha mvinyo uwepo. Mwaka 1999 ziara ya Rais Khatami wa Iran mjini Paris iliahirishwa kwa sababu Wairani walitaka meza isiyo na mvinyo na Wafaransa wakakataa; mwaka 2015 mlo wa mrithi wake wa baadaye, Rouhani, na Rais Hollande wa Ufaransa nao ukafa kwa sababu hiyohiyo. Italia, ilipomkaribisha Rouhani Januari 2016, iliuondoa mvinyo mezani kimyakimya na mikataba ikatiwa saini. Hapo Wafaransa walishinda hoja wakapoteza chakula cha mchana.

Pasipo sharti la dini, tatizo ni dogo. Mei 2024 Biden alimkaribisha William Ruto wa Kenya, na wote wawili wanajulikana kwa kutokunywa. Wageni wengine humiminiwa mvinyo kama kawaida, na asiyekunywa hupewa kinywaji chake katika glasi ya umbo lilelile, kikiwa kimeshamiminwa kabla hotuba haijaanza. Mvinyo wa povu nao umiminwe karibu na mwisho wa hotuba: yenye mkalimani huchukua muda mara mbili, na glasi iliyojazwa mapema itakuwa imepoteza povu na kupata joto wakati wa kunyanyuliwa.