Sindano inalipwa, kumgeuza mgonjwa hakulipwi

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo (DRC), kwa mpango wa kuondoka kwa hiari ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Hiari yenyewe mji wetu wa Lubumbashi inaijua: mishahara ilikuwa haijalipwa miezi na miezi, ukipewa bahasha ya pesa za kuondoka utaikataa? Wengi walikuwa wametumika miaka 25 na zaidi. Piga hesabu sasa. Aliyekuwa na miaka 50 siku ile leo amepita 70. Ana presha, ana sukari, pengine kiharusi kimemlaza upande mmoja, na hospitali ya kampuni iliyomtibu na watoto wake si yake tena. Amebaki nyumbani, mitaa ya Katuba au Ruashi, katika chumba cha nyuma, na swali la nani amtunze limeingia naye humo.

Kuna wanaosema mzee ni wa familia, basi. Kumlipa mtu baki amwoshe baba yako ni aibu, tena ni hatari: ataiba, atamfinya mzee mlango ukifungwa, atampa kidonge cha usingizi ili naye alale. Wengine wanasema hatari ni familia yenyewe. Mjukuu wa miaka 15 aliyetolewa shuleni akae na babu hajafundishwa lolote; heri aje aliyesoma, mwenye diploma, na serikali impe kibali.

Nimewasikiliza wote, na wote wana ushahidi wa nyumba wanazozijua. Ila wanabishana juu ya mtu, wakati mimi naona tatizo liko kwenye kazi.

Mwaka jana nilikwenda kumwona baba mkubwa, mmoja wa wale wa bahasha. Seru, ile chupa ya maji ya dripu, ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha, inadondoka vizuri. Munganga (huku daktari ni munganga, muuguzi ni munganga, na muuza dawa wa kona naye ni dokta) alikuwa ameketi akingoja iishe. Dada, binti wa kwanza wa baba mkubwa, alikuwa ameshamlipa munganga. Nilipofunua shuka miguuni, kisigino cha kushoto kilikuwa cheusi, kimelegea kama embe lililoanza kuoza.

"Dokta, kisigino hiki umekiona?"

"Mimi niliitwa kwa ajili ya seru, papa."

Hakunijibu kwa kiburi. Alisema kweli. Aliitwa kwa seru, akaweka seru, na mshipa aliupata mara ya kwanza.

Kidonda cha kulalia huanza pale mfupa unapobana nyama dhidi ya godoro hadi damu ikose njia: juu ya matako, kwenye nyonga, kwenye visigino. Dawa yake ya kwanza ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Kazi hiyo haitaki diploma. Inataka mtu aliye macho saa nane ya usiku. Ndivyo ilivyo pia kwa chakula: mtu wa kiharusi akilishwa bukari (ugali) amelala chali, tonge huenda njia ya hewa, na wiki inayofuata mnamzungusha hospitalini kwa homa ya mapafu. Na mwezi wa 6 baridi ya Lubumbashi ikibana, mbabula, jiko la makaa, inaingizwa chumbani, mlango unafungwa ili mzee apate joto, na ile hewa ya makala yenye sumu, isiyo na harufu, inafanya kazi yake. Kumgeuza, kumketisha, kutoa mbabula nje. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye bei.

Sindano ina bei. Ndiyo maana sindano zinaongezeka. Anayelipwa kwa kila tendo ataona haja ya tendo jingine, na sitamlaumu sana kijana aliyesomea ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, akakosa ajira, anayezunguka jioni nyumba kwa nyumba na mfuko wake. Lakini familia nayo inashiriki. Seru inaonekana. Mgeni akiingia akaona chupa inaning'inia, anajua mzee hakutupwa. Nani atajua kwamba jana usiku uliamka mara nne kumgeuza?

Wanaotetea familia husahau usiku huo. Dada hakumwacha baba yake kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na mchana anauza sokoni. Hospitalini alikaa wiki tatu kama gadimaladi, yaani mlinzi wa mgonjwa, akimwosha na kumlisha wodini, kwa sababu kwetu kazi hiyo ni ya ndugu hata ndani ya hospitali. Siku ya kutoka walipewa ordonansi, karatasi ya daktari, yenye dawa tano. Hakuna mstari mmoja uliotaja kumgeuza.

Kuhusu kibali, nakubali nusu. Sheria iliyounda baraza la kitaifa la wauguzi ni ya mwaka 2016, kwa hiyo anayeshika sindano au mpira wa mkojo ana chombo cha kumwajibisha. Aandike jina na namba yake kila anapofanya tendo nyumbani. Hilo halihitaji sheria mpya. Lakini kumdai kibali kila anayemwosha mgonjwa? Katika mji huu kila karatasi ina dirisha lake, na kila dirisha lina mkono wake. Atakayefukuzwa kwanza ni yule mjane jirani anayekuja asubuhi kusaidia kwa kikombe cha unga.

Serikali ina maneno mazuri: ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria ya Mei 2022 imeongeza haki za wenye ulemavu. Pesa ni jambo jingine. Matibabu ya bure yalianzia kwa akina mama wanaojifungua, Kinshasa, mwezi wa 9 mwaka 2023. Sioni kosa kuanza na mama na mtoto. Mzee yuko nyuma kwenye foleni, na sidhani foleni itamfikia upesi.

Aliye karibu ni reko, yule mhamasishaji wa afya wa mtaa. Wakati wa kampeni ya polio anabisha kila nyumba, anatoa matone, anaandika alama ya chaki ukutani, anaondoka. Amesimama hatua kumi kutoka chumba cha nyuma na hakuulizwa aangalie. Angeweza kuuliza: kuna mtu asiyenyanyuka humu? Mmemgeuza leo?

Pingamizi lipo, tena zito. Reko ni mtu wa kujitolea, anaona pesa kampeni ikija tu. Na macho ya nje si lazima yaokoe. Bibi anayeamka usiku akazunguka uani akimwita mumewe aliyekufa ana ugonjwa wa kusahau, lakini mtaa unaweza kuuita bulozi, yaani uchawi, na neno hilo limeua. Mwenye kuingia chumbani lazima awe amefundishwa kutambua ugonjwa huo kwanza. Pamoja na hayo, nauogopa zaidi mlango uliofungwa.

Kwa baba mkubwa tulifanya jambo dogo. Dada alitundika daftari kwenye ule msumari wa seru, na kila anayemgeuza anaandika saa. Munganga naye tulimwomba, kila akija, aangalie visigino, nyonga na mgongo, aandike. Alifikiri kidogo, akataja bei. Tulilipa. Alipiga magoti sakafuni, akawasha taa ya simu, akaanza na kisigino cha kulia.