Dawa ya nguzo ndani ya maji: tupime chupani au mtoni?

Anayejenga kivuko cha miguu au lango la bwawa la samaki Mufindi, Njombe au Rungwe hukimbilia nguzo za mkaratusi au msindano zilizotiwa dawa, kwa sababu nguzo mbichi huoza upesi penye majimaji. Dawa iliyozoeleka ni CCA, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Likija swali la kiasi gani kinachujuka, wapimaji hugawanyika. Wengine huzamisha vipande vya mbao chupani na kupima yale maji. Wengine husema: kachote maji pale nguzo iliposimama.

Hoja ya mtoni inaeleweka haraka. Samaki haishi chupani. Mtoni maji yanatembea na tope la bonde linashika shaba. Wadudu wa chini wanakula humo humo kwenye tope, na chupa haiwezi kutuonyesha jinsi madini yanavyolundikana pale mwaka hadi mwaka. Anayepuuza hilo anakosea.

Ila chupa imeonewa. Lawama kubwa ni kwamba inazidisha mambo kuliko yalivyo, basi tupige hesabu. Katika kipimo kinachotumika sana, vipande sita vya mchemraba wa milimita 19 huwekwa kwenye mililita 300 za maji yaliyoondolewa madini. Maji hubadilishwa baada ya saa 6, 24 na 48, kisha kila saa 48 hadi zitimie siku 14. Uso wa vipande vyote sita ni kama sentimita za mraba 130, sawa na mita za mraba 43 za mbao kwa kila mita ya ujazo ya maji. Sasa chukua bwawa la mita 20 kwa 15, kina mita 1, lenye nguzo kumi za kipenyo cha sentimita 15. Uso uliozama haufiki mita za mraba 5, katika maji ya mita za ujazo 300. Chupa imezidi bwawa zaidi ya mara 2,700.

Wapinzani huishia hapo. Lakini nani alisema tusome mkolezo wa chupani kana kwamba ni wa bwawani? Kinachotafutwa ni kasi: miligramu ngapi zimetoka kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuseme shaba inatoka miligramu 10. Kwenye bwawa letu hiyo ni miligramu 47 kwa siku, yaani kama mikrogramu 0.16 kwa lita. Hamishia kasi hiyo hiyo kwenye tangi la vifaranga vya samaki la lita 2,000 lililozungushiwa mita 4 za mraba za mbao hizo: mikrogramu 20 kwa lita kila siku. Kwenye maji laini yasiyo na chokaa, makumi ya mikrogramu ya shaba tayari yanaumiza mashavu ya vifaranga. Hesabu hii ukiwa na kasi unaifanyia bwawa lolote. Ukiwa na ndoo ya maji ya mto mmoja, unajua habari za mto ule, siku ile.

Na ndoo ile ina shaba ya nani? Mashamba ya kahawa Mbozi yamepigwa mrututu na dawa nyingine za shaba kwa miaka mingi, na nyanya za Ilula nazo hupigwa dawa za shaba. Bila sampuli ya maji yaliyochotwa kabla mto haujafika kivukoni, na bila kupima aseniki na kromiamu pamoja, mpimaji anaweza kuisingizia nguzo dawa ya shambani. Tena sehemu kubwa hutoka siku za mwanzo, kisha kasi inashuka sana. Atakayefika baada ya miezi mitatu ameukuta mkia.

Chupa nayo ina makosa yake. Theluthi ya uso wa mchemraba ni ncha zilizokatwa, na huko ndiko dawa hutoka kwa wingi. Kwenye nguzo ndefu ncha ni sehemu ndogo mno, kwa hiyo ncha za vipande zizibwe kwa epoksi, gundi isiyopitisha maji. Chupa iwe ya plastiki iliyooshwa kwa asidi ya naitriki. Maji yanayotolewa kwa kupimwa yasipotiwa asidi hiyo hadi pH (kipimo cha uchachu) ishuke chini ya 2, shaba hung'ang'ania kuta na jibu linatoka dogo. Kwa kreosoti, dawa nyingine ya nguzo iliyo ya mafuta, ni kinyume: inataka kioo cheusi, maana mafuta yake hunata kwenye plastiki. Chupa moja iwe na mbao isiyo na dawa, ya kulinganishia.

Kosa linalotugusa zaidi sisi wa nyanda za juu ni la baridi. CCA hujifunga ndani ya mbao kadiri kromiamu VI, inayoyeyuka majini, inavyogeuka kuwa kromiamu III, isiyoyeyuka kwa urahisi, na baridi huchelewesha kazi hiyo kwa majuma. Usiku wa Juni na Julai Mufindi joto hushuka chini ya nyuzi 10. Vipande vilivyokaa mwezi mzima ndani ya maabara yenye joto haviwezi kuisemea nguzo iliyopakiwa kwenye lori ingali inatona. Kwa hiyo vipande vikatwe kwenye shehena ile ile anayopelekewa mteja, na kabla ya hapo itobolewe nguzo, kitolewe kijiti cha mbao na kidondoshewe asidi ya kromotropiki. Rangi ya zambarau ikijitokeza ndani ya robo saa, kromiamu VI bado ipo, na nguzo hiyo irudi kwenye banda.