Seli Zinazoituliza Kinga: Je, Zinalisaliti Ini?

Mwaka 2025 Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitunukiwa Nobeli kwa kazi yao juu ya seli T dhibiti, zile zinazoizuia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Katika homa ya ini sugu aina ya B, seli hizohizo huhukumiwa kuwa wasaliti. Mara nyingi huonekana kwa wingi katika damu na ini la mgonjwa, na zikiondolewa kwenye sampuli maabara, seli zinazobaki huvikabili virusi kwa nguvu zaidi. Basi ziondolewe, husemwa.

Shtaka hilo lina uzito, ila linasahau kwamba virusi hivi kwa kawaida haviui seli ya ini vinamozaliana. Anayeiua ni kinga yenyewe. Chukua majibu ya kijana aliyegundulika alipokwenda kuchangia damu: virusi ni mamilioni kwa kila mililita, ilhali ALT, kimeng'enya kinachovuja seli za ini zinapoumia, kiko kawaida kabisa. Kwa wagonjwa wa namna hii zimeonekana kwa wingi seli kandamizi nyingine, za ukoo wa uboho, ambazo hutoa kimeng'enya cha arijinesi na kuimaliza arijinini, asidi amino inayohitajiwa na seli T zinazopambana na virusi ili ziongezeke. Nao panya walionyang'anywa seli T dhibiti walivifuta virusi mapema zaidi, lakini maini yao yaliumia vibaya zaidi.

Kuna takwimu isiyoniacha: mtoto akiambukizwa akiwa mchanga, uwezekano wa kubaki na virusi ni takriban asilimia 95, mtu mzima, chini ya 5. Virusi ni vilevile, ini ni lilelile kwa umbile. Kinachotofautiana ni kinga iliyovipokea. Kuzibebesha seli dhibiti peke yake mzigo huo (na wapo wanaofanya hivyo) ni kukataa kuona ukubwa wa jambo.

Hata hivyo, utulivu huo una gharama, kwani mwaka 2022 homa ya ini B iliua watu wapatao milioni 1.1, wengi wao kwa sirosisi (makovu yanayolijaa ini) na saratani ya ini, na ndani ya uvimbe wa saratani seli hizi dhibiti huukinga uvimbe wenyewe. Kuzilegeza kwa muda, baada ya dawa ya tenofovir kuvipunguza virusi, ni wazo linalostahili majaribio. Kuzifyeka ni jambo jingine, hasa kwa mwenye sirosisi, ambaye sehemu ya ini iliyobaki nzima ni ndogo mno kuhimili wiki chache za shambulio la kinga yake mwenyewe.